Mkono Kinywani mwa Mbwamwitu

Februari 4, 1971

Tumefika kisiwani Heimaey tukiwa tumetapika vya kutosha. Kolli, kaka yangu, ambaye njia nzima kutoka nyumbani alijisifu kwamba amezaliwa na tumbo la baharia, ndiye aliyeanza. Halli, mpiga gitaa wetu, alikaa juu ya kasha la gitaa lake kama kuku anayeatamia, akitafuna samaki mkavu na siagi mbele ya macho yetu, makusudi kabisa.

Bweni la kiwanda lina joto, hilo nashukuru. Nimewekwa na wasichana wawili wa Visiwa vya Faroe. Ngoma za Kolli zimeingia stoo ya chumvi, na meneja amesema tukitoka kazini tunaweza kupiga humo, mradi tusipasue magunia. Msimu unafungwa Mei kumi na moja. Mpaka hapo tunataka amplifaya mpya, na wimbo mmoja ambao watu hawatausahau. Halli amesema wimbo kwanza.

Februari 6

Samaki.

Februari 9

Samaki. Wasichana wa Faroe wanasema mwezi wa Machi, chewa wakija kutaga, hapo ndipo tutajua kazi ni nini.

Februari 14

Upepo umezizuia boti zote bandarini, kiwanda kimya, kwa hiyo tumeshinda stoo. Halli amekuja na kipande kipya cha gitaa. Noti nne nzito, zinashuka, zinasimama, zinarudi mwanzo. Magunia yalikuwa yanatoa vumbi.

"Inatembea kama mnyama aliyefungwa," nikamwambia. "Inafika mwisho wa kamba, inarudi."

"Basi mfunge vizuri, Steinvör. Mimi nimemleta mnyama, maneno kazi yako."

Nikamfikiria mbwamwitu, yule wa hadithi za bibi, ambaye miungu walimlea kisha wakamwogopa. Nikaandika hapo hapo juu ya gunia: nyundo, kunguru, merikebu, damu kwenye theluji. Halli akasoma akacheka mpaka akakohoa.

"Damu umeiona wapi wewe, zaidi ya ya samaki?"

Nilinuna. Lakini ni kweli, maneno yangu yananuka vitabu vya shule.

Februari 27

Nimehamishwa kutoka kufungasha kwenda mashine ya kukata vichwa. Msimamizi wetu ni Finna, mama wa miaka sitini mwenye sauti ya honi. Alinishika mkono wa kulia akaunyanyua wote wauone. "Msichana, una vidole vitano hapa. Jioni nitahesabu tena." Wanawake wote wakacheka. Sikumpenda.

Machi 8

Nimepigiwa simu ofisini, kutoka mji mkuu, Reykjavík! Ni Ármann, yule bwana wa sahani za muziki aliyetusikia kule nyumbani mwaka jana. Sauti yake laini, kama mtu aliyekaa kwenye kochi. Anakuja visiwani Machi kumi na tisa, mchana mmoja tu, atafikia hotelini. Anataka kuzungumza na mimi.

"Na sisi wote?" nikauliza.

"Na wewe. Sauti na maneno. Wapiga vyombo mjini tunao wengi, mpenzi."

Nimesema nitafikiria. Kolli aliponiuliza nani amepiga, nikasema ni mama.

Machi 12

Samaki hawaishi. Tunasimama kutoka chai hadi chai. Bati la kinga kwenye mashine yangu limelegea, linagonga gonga, skrubu moja imetoka. Finna aliliona. "Mwambie Eyvindur alifunge, usiguse mwenyewe." Eyvindur ndiye fundi, mzee mwenye pua nyekundu ambaye daima yuko upande wa pili wa kiwanda. Nimelifunga kwa uzi wa nyavu kwa sasa.

Machi 16

Finna kaniuliza kama nimemwita fundi. Nimesema nimeshamwita, anakuja. Nilikuwa nimechoka, na kumfuata Eyvindur ni kupoteza nusu ya mapumziko ya kahawa. Kesho nitamwambia.

Machi 17

Theluji yenye maji. Nimekunja nywele kwa ajili ya keshokutwa.

Machi 19

Siwezi kuandika leo.

Machi 22

Lazima niandike, la sivyo nitamwambia mtu.

Siku ile zamu yangu ilikuwa ya mchana. Asubuhi nilijilaza nikasema nina homa. Halli alikuwa ametoka tu kupakua boti, hajalala, lakini Kolli alipomwambia naumwa alipanda mpaka mlangoni kwetu, akasimama na buti zake zinazochuruzika.

"Unaumwa kweli?"

"Kichwa, na mwili wote."

Aliniangalia kidogo. Blanketi lilikuwa limenifika kidevuni kwa sababu ndani nilikuwa nimeshavaa gauni.

"Lala basi. Nitasimama mimi kwenye mashine yako, Finna asije akakukata mshahara."

Akachukua aproni yangu msumarini. Ile ya maua. Niliposikia buti zake zimefika chini, niliamka.

Ármann alikuwa ameagiza keki na kahawa kwenye vikombe vyembamba. Shati lake lilikuwa jeupe kabisa. Hapa kisiwani nilikuwa nimesahau kuna mashati ya namna ile. Alitaka kujua wimbo unahusu nini. "Nisimulie kama mimi ni Mmarekani," alisema, "sijui kitu. Maana huko ndiko nataka tuuze."

Nikamsimulia. Kwamba miungu walikuwa na mbwamwitu aliyekua kila siku, wakaogopa. Wakamfunga kwa mnyororo, akaukata. Wakaleta mwingine mnene zaidi, akaukata. Basi wakatengenezewa utepe mwembamba, laini kama hariri, uliofumwa kwa vitu visivyopo: mlio wa nyayo za paka, ndevu za mwanamke, pumzi ya samaki. Mbwamwitu akaunusa akasema, huu una hila. Nitakubali kufungwa kama mmoja wenu ataweka mkono kinywani mwangu, kama dhamana kwamba mtanifungua. Miungu wakatazamana. Walijua hawatamfungua. Ni mmoja tu, Týr, aliyeuweka mkono wake. Wakamfunga. Mbwamwitu akavuta, akavuta, utepe ukazidi kukaza.

"Halafu?"

"Halafu wote wakacheka. Wote ila Týr. Yeye alipoteza mkono."

Ármann akapiga meza kwa kiganja. "Wote wakacheka! Hilo zuri sana!" Akacheka, na mimi nikacheka naye, kwa nguvu, nimetupa kichwa nyuma kama wanawake wa kwenye magazeti. Ving'ora vya gari la wagonjwa vilipita nje ya dirisha na bado nilikuwa nacheka.

Nilirudi bwenini nikidhani nitapata usingizi. Nikamkuta Finna amekaa kitandani kwangu. Viganja vyake alivigeuza juu, vyote vyekundu, na hakuwa amenawa.

Hakuniuliza, "Ulikuwa wapi?" Ningependa angeniuliza. Alisema tu, "Mwanangu, ni Halli. Bati lilidondoka."

Mkono wa kushoto. Kidole cha kati na cha pete. Ndege haikuweza kutua kwa upepo, kwa hiyo hakupelekwa Reykjavík; daktari wa hapa akafanya alichoweza, na alichoweza kilikuwa ni kushona.

Machi 24

Hospitali. Halli amevimba uso. Kolli analia waziwazi kama mtoto, na Halli ndiye anayembembeleza.

"Týr alipoteza wa kulia," akasema. "Hata hapo nimekosea."

Kolli akacheka katikati ya kilio. Mimi nilitoka nje.

Machi 26

Eyvindur amesimamishwa kazi. Finna alimwambia meneja kwamba fundi aliitwa tangu Machi kumi na sita akapuuza. Eyvindur amesimama katikati ya ofisi, mlango wazi, kila mtu anasikia: "Hakuna aliyeniita! Naapa kwa kaburi la mke wangu, hakuna aliyeniita!" Meneja akamwambia apunguze kunuka pombe ndipo ataaminika zaidi. Watu wakacheka.

Nilikuwa hatua chache kutoka mlangoni, nimebeba sinia la samaki.

Machi 27

Samaki.

Machi 28

Samaki. Nimepita mbele ya nyumba ya Eyvindur. Alikuwa anapaka rangi uzio wake kwenye mvua, rangi yote inatiririka, naye anaendelea kupaka.

Aprili 3

Ármann amepiga tena. Amesikia habari. "Pole sana. Lakini mpenzi, unaona sasa hata lile tatizo la bendi limejitatua." Alisema hivyo, kwa sauti ile ile ya kochi. Nilikata simu. Kisha nikakaa pale ofisini, sina wa kumlaumu, kwa sababu mimi ndiye niliyekwenda peke yangu mezani kwake, nikala na keki yake.

Aprili 11, Pasaka

Kila mtu kanisani. Nimebaki stoo ya chumvi peke yangu na daftari la nyimbo. Nyundo na kunguru nimevifuta vyote. Nilidhani hadithi ile ni ya ushujaa wa Týr, na bibi aliisimulia hivyo, mimi nikaandika hivyo. Lakini mimi si Týr. Nilijiuliza nani anaweza kuuimba wimbo huu kwa haki, na jibu lilikuwa wale wengine, waliosimama salama na mikono yao yote.

Tulimfunga kwa uzi, tukacheka.
Alilia, tukacheka.
Mmoja wetu aliacha mkono wake,
na sisi wengine sote tulicheka.

Umeandikika kwa muda mfupi mno. Ni mzuri. Nachukia kwamba ni mzuri.

Aprili 19

Halli ametoka hospitali. Hataki kwenda kwao mpaka msimu uishe. Anasema mama yake akimwona sasa atampikia supu mpaka afe. Meneja amempa kazi ya kugonga mihuri kwenye makasha. Anagonga kwa mkono wa kulia na kuimba chini chini.

Finna anamletea mkate wa shayiri kila asubuhi, ameshaupaka siagi, ameshaukata. Zamani nilidhani mwanamke huyu ana roho ya mashine. Anakata ule mkate vipande vidogo vidogo, kisha anaangalia pembeni wakati Halli anakula, asije akaona aibu.

Aprili 23

Halli amesoma maneno mapya. Akayasoma mara ya pili.

"Haya umeyatoa wapi?"

"Sijui."

"Haya si ya kitabuni." Akanirudishia karatasi. "Chukua gitaa langu."

Sikutaka. Akanisukumia. Nyumbani nilijifunza kodi chache tu za gitaa, za nyimbo za kanisa. Alikaa nyuma yangu, akaweka mkono wake wa bandeji juu ya mkono wangu, akabonyeza vidole vyangu kwenye nyuzi mpaka nikaumia. Noti nne. Zinashuka, zinasimama, zinarudi.

"Kaza. Bado unaiomba. Usiiombe, ishike."

Vidole viwili vya mkono wangu vilikuwa vinafanya kazi ya vidole ambavyo yeye hakuwa navyo tena. Niliona hilo, naye aliona nimeliona.

Aprili 27

Mvua. Vidole vyangu vimetoka malengelenge. Kolli anasema tunasikika vizuri. Eyvindur hajarudi kazini.

Mei 2

Nimesema.

Tulikuwa tumekaa kwenye ukuta wa bandari, Halli na mimi, jua limetoka, ndege wa baharini wanapiga kelele miambani. Alikuwa anakuna makovu yake. Nikasema, "Siku ile sikuwa na homa."

"Najua."

"Unajua?"

"Homa haipaki mtu rangi ya mdomo, Steinvör." Hakunitazama. "Nilidhani una mwanamume. Nikasema moyoni, mwache, tangu tufike hapa hajafurahi hata siku moja."

Hapo ningeweza kunyamaza. Alikuwa ameshanisamehe kosa nililolitaja, kabla sijalitaja. Nikamweleza juu ya Ármann, kwamba alinitaka peke yangu, na kwamba nilikwenda. Hilo lilimuuma; aliacha kukuna.

"Ungesema tu," akasema. "Kolli angepiga kelele siku mbili. Mimi ningekubebea begi mpaka melini."

Kisha akaniuliza yeye mwenyewe. Sikulazimika hata kutafuta maneno.

"Niliona ule uzi wa nyavu kwenye bati. Nikamuuliza Finna, hii ni salama? Akasema fundi ameshaambiwa, Steinvör mwenyewe amemwambia. Basi nikaingiza mkono." Akanigeukia. "Ulimwita Eyvindur?"

"Hapana."

"Ulisahau."

Alinipa neno hilo kama mtu anavyompa mwenzake kiti. Nilitamani kulikalia.

"Sikusahau. Finna aliponiuliza nilisema nimemwita. Nilisema uongo ili ninywe kahawa."

Halli aligeukia tena maji. Boti moja iliingia, watu wakatupa kamba, wakafunga, wakashuka. Aliposema, sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo ndilo lililonitisha.

"Na yule mzee umemwacha mwezi mzima."

"Ndiyo."

"Nenda kwa meneja."

"Nitakwenda kesho."

"Si kesho," akasema.

Nilikwenda vilevile nilivyo. Meneja alikuwa anakula. Nilisema yote nimesimama. Finna aliitwa, nikarudia mbele yake. Hakunifokea. Alikaa, mwanamke yule mkubwa, akasema polepole: "Kwa hiyo mimi ndiye niliyemwambia kijana yule auweke mkono." Nikasema hapana, ni mimi. "Kinywa kilikuwa changu," akasema Finna, akatoka kwa mlango wa nje, bila kurudi kiwandani.

Nyumbani kwa Eyvindur nilikwenda peke yangu. Alinisikiliza akiwa ameshika kitasa. Nilipomaliza akauliza, "Basi?" Nikasema basi. Akafunga mlango, bila kuubamiza.

Mei 3

Eyvindur amerudi kazini. Amepita mashine zote akikaza kila skrubu. Yangu ameikaza pia. Salamu, hapana. Nimehamishiwa kuosha sakafu, na wasichana wa Faroe wamehamia chumba kingine. Kolli hasemi nami. Anapiga ngoma tu, kwa nguvu, bila kuniangalia.

Mei 6

Halli hajanisamehe. Alisema mwenyewe, bila mimi kuuliza. "Labda siku moja. Sijui. Usiwe unanitazama kila dakika kama daktari." Kisha akaniambia nishike gitaa.

Mei 8

Halli alimpigia Ármann simu mwenyewe. Sikujua, na sijui alimwambia nini, ila leo Ármann ametua na mashine ya kurekodia, na tumerekodi kwenye ukumbi wa sinema, sote watatu. Finna alikuja. Nilidhani hatakuja. Amekuja na wanawake kumi na kitu wa kiwandani, bado wamevaa aproni, kwa sababu Halli alitaka kicheko cha kweli mwishoni mwa kiitikio, na hakuna wanaocheka kama wao. Halli alisimama mbele yao akanyanyua mkono wa kushoto, akatikisa vidole vitatu na kusema: "Haya, mama zangu, nani ana tano?" Kwanza walishtuka. Kisha Finna akaanza, kicheko kama lori linawashwa, na wengine wakafuata, wanacheka huku machozi yanawatoka, na kicheko hicho ndicho kilichoingia kwenye utepe.

"Sasa hapo," Halli akasema, "baada ya kicheko, mpigo mmoja mzima, pasiwe na kitu. Hakuna ngoma, hakuna gitaa, hakuna sauti."

Ármann akatikisa kichwa. "Redioni watadhani mtambo umekufa. Hapo tuweke kelele ya vita, au mbwamwitu analia."

"Hapana."

"Rafiki yangu, nimefanya kazi hii miaka—"

"Walicheka wote ila mmoja," Halli akasema. "Nipeni pa kusimama mimi."

Ármann akanigeukia mimi, kwa tabasamu lile la keki na kahawa, kama watu wawili wanaoelewana. Nikasema, bila kimya hicho hakuna wimbo, na bila wimbo hakuna mwimbaji. Kolli alinitazama, mara ya kwanza tangu Mei mbili. Akainua vijiti vyake, akavishikilia juu.

Mei 11, siku ya kufunga

Mashine zimezimwa saa sita. Dansi imeanza mchana na ukumbi umejaa mpaka ngazini, mabaharia wamechana nywele kwa maji, chupa zimefichwa ndani ya makoti. Ninaandika haya nyuma ya jukwaa, kipindi cha mapumziko, kabla sijasahau ilivyokuwa.

Waliupenda. Kufikia kiitikio cha pili walikuwa wanauimba wote, wamekumbatiana mabegani, wanaruka, "Sote tulicheka! Sote tulicheka!" kama ni wimbo wa ushindi. Nadhani utaimbwa hivyo daima, na watu watauomba kwenye harusi. Sina la kufanya.

Halli alikuwa amesimama penye makoti yaliyotundikwa, karibu na mlango, begi lake miguuni. Meli yake inaondoka jioni hii. Finna alikuwa karibu naye, amemshika kiwiko.

Kicheko kikaja, ukumbi mzima, mamia ya watu. Nikatoa mkono kwenye nyuzi. Vijiti vya Kolli vikabaki juu. Watu hawakujua kama tumemaliza. Miguu ilikuwa hewani, ikashuka, ikasimama. Mlevi mmoja alicheka peke yake akaona aibu akanyamaza. Nilimtafuta Halli kwa macho nikamwona, naye alikuwa ananitazama, si kwa chuki wala kwa upole, bali kama anavyotazamwa mtu ambaye zamu imemfikia.

Kisha nikaweka vidole, nikabonyeza.